Chandarua Kwanza, Kitanda Baadaye

Leo nataka tuzungumze kuhusu mahali pa kumlaza mtoto mchanga usiku. Seremala atakutengenezea kitanda kidogo cha msonobari au mkaratusi, chenye fito pande zote, akipige msasa na vanishi mpaka king'ae. Aliye na pesa zaidi ataagiza cha dukani kutoka Kampala, cha kukunja, chenye kuta za kitambaa na mahali pa kuning'iniza vitu vya kuchezea. Wazazi wanaotarajia mtoto wa kwanza huuliza bei, huuliza mbao, huuliza rangi. Hayo yote yana wakati wake. Ila kwa wilaya yetu hii ya Kasese, yenye tambarare za joto, maziwa mawili na mito inayoshuka kutoka Rwenzori, swali la kutangulia ni hili: kitanda hicho kitaingia ndani ya chandarua cha mama? Kisipoingia, na mtoto hana chandarua chake, hakifai kwa miezi 6 ya mwanzo hata kiwe kizuri namna gani. Kikapu cha kawaida kinachoingia ndani ya chandarua hicho kinakishinda. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na nitaitetea.

Tuanze na mbu. Yule anayeeneza malaria huuma usiku, na saa anazouma zaidi ndizo saa ambazo mtoto amelala. Pande zetu maji hayakosekani: Ziwa George na Ziwa Edward, mifereji ya umwagiliaji ya Mubuku, madimbwi yanayobaki kila Nyamwamba ikifurika. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye kinga hurithi sehemu ya kinga hiyo kwa miezi michache, na wako wanaotulia kwa sababu hiyo. Lakini kinga hiyo hupungua wiki baada ya wiki, wala hakuna anayeweza kukuonyesha siku inapokwisha. Chanjo ya malaria, ambayo Uganda ilianza kuitoa tarehe 2 Aprili 2025, hutolewa mtoto akiwa na miezi 6, kisha 7, kisha 8, na ya mwisho akiwa na miezi 18. Kabla ya hapo anachotegemea ni chandarua. Sasa tazama nyumba yenye chandarua kimoja chumbani. Kitanda kipya kinawekwa kwenye ukuta wa pili, kwa kuwa hapo ndipo penye nafasi. Mtoto ametolewa mahali penye kinga akapelekwa mahali pasipo na kinga, na fedha ya familia imetumika kumpeleka huko. Usiku mama anaamka mara tatu au nne kunyonyesha, kila mara anafunua chandarua, anavuka chumba gizani, anarudi na mtoto, na mbu wanaingia naye. Usiku wa tatu au wa nne uchovu unamshinda. Anapitiwa na usingizi palepale alipoketi, mtoto akiwa kifuani. Hakuna namna ya kulala iliyo mbaya kuliko hiyo, hasa kama ameketi kwenye kochi.

Kwa hiyo chukua futi ya kupimia kabla ya kwenda kwa seremala. Vyandarua vingi vya mstatili vinavyogawiwa vina upana wa sentimita 180 hivi. Pima chako uhakikishe. Kitanda cha futi 4 kina upana wa sentimita 122. Ukisogeza chandarua upande mmoja unabakiwa na sentimita 58, na hizo zinatosha kitanda cha mtoto chenye upana wa sentimita 45 hadi 50, kilichobanwa na kitanda cha mama bila mwanya. Kitanda cha futi 5 hakibakizi nafasi hiyo; hapo mtoto atahitaji kikapu au kisanduku kinachokaa juu ya godoro la wazazi. Upande wa mtoto chandarua kitashuka hadi sakafuni badala ya kuchomekwa chini ya godoro, kwa hiyo kamba za juu zisogezwe, na pindo lilale sakafuni. Kimo cha vyandarua hivi ni sentimita 150 hivi, maana yake hata kikigusa sakafu mama bado anaweza kuketi kitandani na kunyonyesha ndani yake. Wavu usimguse mtoto, maana mbu huuma kupitia wavu uliogusa ngozi. Kazi yote hiyo ni ya misumari minne na kamba, na baba anaweza kuimaliza kabla ya chakula cha jioni.

Hapo mtu ataniuliza: kama chandarua ndicho kikubwa, si mtoto alale tu ubavuni mwa mama yake, mambo yaishe? Swali hilo ni la haki, na wataalamu wenyewe wanalibishania. Mwaka 2013 Robert Carpenter na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti kadhaa, wakaeleza kwamba mtoto wa chini ya miezi 3 anayelala kitanda kimoja na wazazi huwa katika hatari ya kifo cha ghafla mara 5 hivi zaidi, hata kama wazazi hawavuti sigara na mama hajanywa pombe. Mwaka uliofuata Peter Blair na wenzake, wakitumia takwimu za Uingereza, walisema hawakuiona hatari hiyo pale ambapo hapakuwa na kochi, pombe wala sigara. Siwezi kuwaamulia. Ninachowaomba ni mwangalie wanabishania kitanda cha namna gani: godoro gumu, watu wazima wawili wenye akili timamu, na mtoto mmoja. Vitanda vyetu vingi si hivyo. Godoro la sponji la miaka mingi limebonyea katikati, na mtoto wa kilo 3 aliyelazwa pembeni huteremka taratibu mpaka uso wake ukutane na ubavu wa mtu mzima. Miguuni amelala kaka yake wa miaka mitatu. Baba amerudi kutoka senta, pengine ameonja waragi. Blanketi moja zito linawafunika wote. Hata Blair na wenzake wasingekiita kitanda hicho salama.

Mtoto, basi, awe karibu na mama kiasi cha kufikiwa kwa mkono, lakini awe na sehemu yake ya kulalia: tambarare, ngumu, isiyo na mto wala blanketi la ziada. Na alale chali. Hilo la chali ndilo lenye ushahidi mzito kuliko yote katika mjadala huu. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata mwaka 1994, na katika miaka michache vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa nusu hivi, na Uingereza kwa zaidi ya hapo. Haikugunduliwa dawa mpya wala mashine. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kumlaza. Bibi wengi huogopa kwamba mtoto aliye chali akicheua atapaliwa. Umbo la koo linamlinda: akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na kinachorudi kutoka tumboni hushuka chini akakimeza tena au akakikohoa. Ni anapolala kifudifudi ndipo mambo hugeuka.

Pingamizi la pili linatoka kwa wazee, na ni lazima lijibiwe kwa heshima. Watasema: sisi tulilea watoto kitandani mwetu, au juu ya mkeka, hatukujua kitanda cha mtoto ni nini, na nyote mko hai. Wanasema kweli kuhusu jambo moja kubwa, nalo ni ukaribu. Kumtoa mtoto mchanga chumbani mwa mama na kumweka peke yake chumba kingine si desturi ya hapa, na hata madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa miezi 6 ya mwanzo angalau. Mzee anayetaka mtoto awe karibu na mama hana haja ya kubadili neno. Lakini mkeka wa zamani ulikuwa mgumu na tambarare, tofauti na sponji tunayolalia leo. Na katika hesabu ya waliolelewa hivyo, wasiopona hawapo kutoa ushahidi.

Kuna pingamizi la tatu ambalo nalichukulia kwa uzito zaidi: kwamba vifo vya usingizini ni habari za nchi tajiri, na kwamba watoto wetu wanauawa na mambo mengine. Takwimu zinaliunga mkono kwa sehemu. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini Uganda, 22 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengi wao wanaondolewa na kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Kitanda hakiponyi hata moja kati ya hayo, na anayeuza kitanda kwa kudai hivyo anadanganya. Lakini mtoto akikutwa amekufa alfajiri nyumbani kijijini, mara nyingi hakuna daktari anayemchunguza. Anazikwa, na chanzo kinaamuliwa na majirani: homa, au mkono wa mtu mbaya, au, lililo chungu kuliko yote, kwamba mama amemlalia. Mama huyo anabeba neno hilo maisha yake yote, pengine bila kosa lolote. Nami naona ni dhuluma kumwacha mwanamke katika hatari ya kushtakiwa hivyo, wakati kikapu kimoja kingemtenga mtoto na uzito wa watu wazima na kumweka palepale anapoweza kumgusa.

Nimetaja kikapu, na hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa kuwa pingamizi la nne ni la fedha. Huko New Zealand watoto wa jamii ya Wamaori walikuwa wakifa usingizini kwa kiwango kikubwa kuliko watoto wengine wa nchi hiyo. Kuwaamuru akina mama wasilale na watoto wao hakukusaidia, kwa sababu kulala na mtoto ni desturi yao kama ilivyo yetu. Katikati ya miaka ya 2000 daktari David Tipene-Leach, akishirikiana na wafumaji wa Kimaori, akaja na njia nyingine: kikapu tambarare kinachoitwa wahakura, kilichofumwa kwa majani ya mmea wao wa harakeke, chenye kuta fupi, kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto yuko kitandani na wazazi na papo hapo ana mahali pake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, baadhi ya akina mama walipewa kikapu hicho na wengine kitanda kidogo cha kawaida, kwa bahati nasibu. Upande wa hatari hapakuonekana tofauti ya maana, na waliopewa kikapu walikuwa wengi zaidi waliokuwa bado wananyonyesha kikamilifu mtoto alipofika miezi 6. Baada ya tetemeko la Christchurch la mwaka 2011, familia zilizokuwa zimehama makazi zilipewa visanduku vya plastiki vilivyotengenezwa kwa wazo lilelile. Kati ya mwaka 2009 na 2015 vifo vya watoto wa nchi hiyo, kuanzia wiki ya kwanza hadi mwaka mmoja, vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kikapu hakikufanya kazi hiyo peke yake. Kilikwenda pamoja na mafundisho kwa wazazi na wahudumu wa afya.

Sasa nani asiyejua kwamba wanawake wa milima hii ni mafundi wa vikapu? Kazi zao za rafia zinauzwa mpaka nchi za nje, zikapambe kuta za watu. Fundi anayeweza kufuma sahani ya duara iliyobana kiasi kile anaweza kufuma kikapu cha mstatili chenye urefu wa sentimita 70, upana wa 35 na kuta za sentimita 15, kisicho na ncha za kuchoma, chenye sakafu iliyonyooka, na kigodoro kigumu chembamba kinachofika kila pembe. Familia iliyokimbia mafuriko ya Mei 2020 na kuishia kambini Muhokya haina mahali pa kusimamisha kitanda cha fito, lakini kikapu kinabebwa kwa mkono mmoja, kinaingia ndani ya chandarua chochote, na maji yakija tena kinakwenda na wenyewe. Ofisi za afya za wilaya na vyama vya akina mama wafumaji vingeweza kuketi meza moja juu ya jambo hili. Sioni kwa nini hatujafika huko.

Mwenye uwezo wa kitanda cha seremala simkatazi, ila asidhani kwamba bei ndiyo usalama. Mwaka 2019 kampuni ya Fisher-Price ililazimika kuviondoa sokoni vilalio vya watoto vilivyoitwa Rock 'n Play, vipatavyo milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30. Tatizo lilikuwa mwinamo: mtoto aliyelazwa kwa mteremko kichwa chake huangukia kifuani, au anajigeuza asiweze kupumua. Vitanda vyenye upande wa kushusha na kupandisha navyo vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011, na vitu vilivyokataliwa kwao huweza kuzunguka mpaka kufika kwetu kama mitumba. Kwa seremala mwambie haya: nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, kichwa cha mtoto kisije kupenya, kigodoro kifike kingo zote, mtu asiweze kuingiza zaidi ya vidole viwili kati yake na mbao, kimo cha kigodoro kilingane na cha godoro la mama, upande wa mama ubaki ukingo mfupi wa sentimita 10 hivi, na kitanda kifungwe kwa mkanda kwenye fremu ya kitanda kikubwa ili kisisogee kikaacha shimo katikati. Sponji iwe ngumu: ukiibonyeza kwa kiganja na kuachia, isibaki na alama. Kitanda chenye yote hayo hakihitaji magurudumu wala urembo.

Mnaoishi juu, Kilembe, Mahango au Ihandiro, mtasema mbu si wengi kama mabondeni na kwamba adui wenu ni baridi. Baridi kweli ni hatari kwa mtoto mchanga. Mvalishe nguo mbili tatu nyepesi, mlaze miguu yake ikigusa mwisho wa kitanda, na shuka ifike kifuani tu, imechomekwa pande zote. Ila, tafadhali, sigiri yenye makaa isilale chumbani. Moshi wa makaa usioonekana huua familia nzima, na mtoto ndiye asiyeweza hata kuita. Moto bora kuliko wote ni mwili wa mama. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo, hafai kuanza maisha kitandani hata kikapuni. Afungwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, kama wauguzi watakavyoelekeza. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutoka hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto hao kwa robo. Mama akiwa amechoka, baba naye ana kifua, na shangazi na bibi pia.

Nimalizie na upatikanaji wa chandarua chenyewe, maana bila hicho yote niliyosema yanabaki maneno. Kampeni za taifa hugawa chandarua kimoja kwa kila watu wawili, kwa hesabu ya waliomo nyumbani siku ya kuandikishwa. Mtoto atakayezaliwa miezi minne baadaye hayumo kwenye daftari la wahudumu wa afya wa kijiji (VHT). Njia yake ni kliniki: utaratibu wa Uganda ni mjamzito kupewa chandarua anapohudhuria kwa mara ya kwanza, na anayechelewa mpaka mwezi wa saba anakipata akiwa amekaa muda mrefu bila kinga. Wafini walifunga zawadi yao kwa fundo la namna hiyo: sanduku lenye kigodoro na nguo za mtoto, lililoanza kwa akina mama maskini mwaka 1938 na kwa wote mwaka 1949, halitolewi kwa mama asiyefika kliniki kabla ya mwezi wa nne wa mimba kumalizika. Kwa hiyo nenda mapema, uwe karibu na Hospitali ya Bwera, Kagando au kituo chochote cha kata yako, na ukikuta vimekwisha, ulizia tena hudhurio linalofuata. Kama nyumbani tayari kuna chandarua kizima, hicho cha kliniki kiweke vizuri usikitoe. Mtoto anapoanza kujigeuza na kujiinua kwa mikono, kwenye mwezi wa tano au wa sita hivi, kikapu na kitanda cha kando havimfai tena, kwa sababu anaweza kuangukia nje. Atahamia kitanda cha fito ndefu au kigodoro chake sakafuni, bado chumbani mwenu, na siku hiyo ndiyo atakayohitaji chandarua chake mwenyewe.